Tulipochagua Kisiwa cha Kupumzikia



Kila ifikapo mwezi wa Desemba, huku kusini mwa Ujerumani tunakoishi, jua huzama saa kumi na nusu jioni, na ukungu huweza kulala juu ya mashamba kutwa nzima. Ndipo waamini wetu wanaozungumza Kiswahili, wakisha kunywa chai baada ya Misa yetu ya kila mwezi, huanza kuulizana swali moja: "Safari hii tukimbilie wapi?" Wenyeji wa huku wana desturi ya miaka mingi. Baridi ikikaza huchagua kisiwa chenye jua, wakaenda juma moja au mawili, wakarudi na nyuso zilizochangamka. Nasi tuliohamia kwao tumejifunza desturi hiyo polepole.

Kwa kuwa mnajua kwamba tulisafiri Januari 2025, wengi mmetuuliza tulichaguaje kisiwa chetu. Tumekawia kujibu, kwa sababu jibu lenyewe lina sehemu isiyotupa sifa. Juma hili tumeona tuliseme lote.

Tunaposema "sisi" tunawataja ndugu watatu wa tumbo moja: dada yetu mkubwa, ambaye ni muuguzi katika nyumba ya wazee, mdogo wetu, dereva wa basi la mjini, na mtumishi wenu huyu, padre. Tulizaliwa Kilema, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika kihamba cha migomba na kahawa ambamo mama yetu anaishi hadi leo. Dada alikuwa amefanya zamu za usiku hata akasahau ladha ya usingizi wa gizani. Mdogo wetu mgongo ulikuwa ukimsumbua. Nasi tuliomaliza Noeli kumi na moja tukikimbia kutoka kanisa moja hadi jingine, maana huku padre mmoja huhudumia makanisa kadhaa, tulikuwa tumechoka kiasi cha kuanza kusoma sala bila kuzisikia. Tukaweka akiba kwa miaka miwili. Oktoba 2024 tukakutana jikoni kwa dada, vipeperushi vya safari vikiwa vimetandazwa mezani.

Tuwaeleze kwanza tulivyovipima visiwa, kwani wengine wenu mko mezani hivi sasa.

Tulianza na visiwa vya Canary, ambavyo ni mali ya Hispania. Viko karibu, mwendo wa saa nne au tano kwa ndege, na bei yake si kali. Lakini havipo katika ukanda wa joto. Mwezi wa Januari mchana huko hufika nyuzi 20 au 21, na maji ya bahari ni ya baridi kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi. Mjerumani huvua shati na kufurahi. Dada alisema yeye angelala na sweta.

Kisha tukaitazama Maldives. Kwa hali ya hewa, hicho ndicho kipindi chake: kuanzia Desemba hadi Aprili upepo hutoka kaskazini-mashariki, mvua hupungua na bahari hutulia. Ni nchi ya visiwa karibu 1,200, vilivyo chini kiasi kwamba hakuna kilima cha asili kinachofika mita 3. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba nchi hiyo haina malaria. Lakini bei za hoteli zilizo peke yake kisiwani zilitutisha, ingawa nyumba za wageni katika visiwa vinavyokaliwa na wananchi ni nafuu zaidi. Tena huko dini ya nchi ni Uislamu, na sheria hairuhusu watu wa dini nyingine kuabudu hadharani. Hatusemi hayo kwa kulaumu. Mwenye nyumba ana utaratibu wake. Ila tuliona kwamba Jumapili mbili zingepita bila Misa.

Seychelles ilituvutia, kwani wengi wa wakazi wake ni Wakatoliki, na visiwa vyake vikuu kwa kawaida haviko katika njia ya vimbunga. Hata hivyo, Desemba na Januari ndiyo miezi yake yenye mvua nyingi zaidi. Mtu akimbiaye mawingu ya Ujerumani hana sababu ya kwenda kuyafuata mengine mbali kiasi hicho.

Ikabaki Mauritius. Januari huko ni kiangazi, lakini ni msimu wa vimbunga pia, unaoanza Novemba hadi katikati ya Mei. Tulikumbuka kwamba tarehe 15 Januari 2024 kimbunga Belal kilileta mafuriko makubwa katikati ya mji wa Port Louis. Tulijua hatari hiyo, na bado tukaichagua. Tulijiambia kwamba vimbunga haviji kila juma. Tulijiambia pia kwamba huko lipo kaburi la Mwenyeheri Jacques-Désiré Laval, mmisionari aliyefika kisiwani mwaka 1841 akawahudumia watu waliokuwa wametoka utumwani, hata akafa kati yao mwaka 1864. Basi likizo yetu ikapata sura ya hija. Tukalipa malipo ya awali.

Bila shaka mmeona kisiwa ambacho hatukukitaja. Zanzibar tuliikata kabla ya kuanza. Januari huko ni kaskazi, jua ni tele, bahari ina joto, na vimbunga ni nadra sana. Zipo ndege za moja kwa moja kutoka Ujerumani. Lugha ni yetu. Tulikata kwa sababu moja tu, ambayo hakuna aliyeitamka kwa muda mrefu, hadi mdogo wetu alipoitamka: "Tukitua Zanzibar, tumetua nyumbani. Na tukitua nyumbani, hakuna kupumzika."

Ninyi mlio ughaibuni mnajua maana ya maneno hayo. Likizo ya nyumbani huanza na masanduku ya zawadi na kuishia na madeni. Kuna ada ya mtoto wa binamu, paa la jirani, harusi iliyosubiri tufike ndipo kamati ikutane. Watu hawakosei wakituomba, maana nasi tulisomeshwa kwa michango yao. Lakini tulikuwa tumechoka. Tukaona kwamba kupita Zanzibar bila kufika Kilema, iliyo mbele kwa saa moja tu ya ndege, kungekuwa aibu. Na kufika Kilema kungekula akiba yote pamoja na siku zote.

Basi tukakubaliana kumwambia Mama kwamba Januari tuna kazi nyingi na hatutaonekana kwenye simu mara kwa mara. Maneno hayo yalitamkwa kwa sauti ya padre.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilikuwa na urefu wa siku tisa. Binti mdogo wa dada alizungumza na bibi yake kwenye simu, akamweleza kwa furaha kwamba mama amenunua nguo ya kuogelea na anakwenda Mauritius pamoja na wajomba. Jumamosi jioni simu yetu ikalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Padre. Huko kisiwani mnakokwenda, kuna Misa?"

Tulitamani atukemee. Tulijibu kwamba Misa ipo, tukaanza kumweleza habari za Mwenyeheri Laval, huku tukijisikia kama mwanafunzi anayetaja somo asilolisoma. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Vizuri. Mkaniombee kwake." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Mngeniambia tu, wanangu. Mimi nisingewaomba chochote."

Ndugu wapendwa, tumehubiri kuhusu ukweli mara nyingi, lakini sentensi hiyo ilituhubiria sisi. Tulikuwa tumemfanya mama yetu kuwa gharama. Tulimhesabu pamoja na paa na ada na harusi, kana kwamba yeye ndiye kamati. Usiku ule tulipigiana simu sote watatu, na kabla ya saa sita tulikuwa tumekubaliana kuiacha Mauritius. Malipo ya awali yalipotea, na hatukuyalilia. Tulipanga kwenda Zanzibar na kumwomba Mama aje akae nasi siku tano.

Alifikiri siku mbili ndipo akakubali, kwa sharti moja: "Msije na masanduku. Mje na miguu yenu." Kisha akafanya jambo ambalo sisi wasomi hatukulithubutu. Aliwaambia majirani wazi, baada ya sala ya jumuiya, kwamba anakwenda Unguja kupumzika na wanawe. Wakamuuliza anaumwa nini. Kwetu mtu wa miaka 76 hapumziki ila akiwa mgonjwa, na hata akiwa mgonjwa huonekana mvivu. Akawajibu kwamba haumwi. Jirani mmoja alijitolea kumkamulia ng'ombe, mwingine kumwangalizia kuku. Wala hakuna aliyeleta orodha ya maombi, maana hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba watoto wamejificha.

Tarehe 14 Desemba, tukiwa bado tunafunga mizigo, kimbunga Chido kiliipiga Mayotte na kuangamiza makazi ya maskini wengi. Tuliwaombea, na tulinyamaza tulipofikiri jinsi tulivyoyapima maisha ya watu wa visiwa kwa kigezo cha siku zetu kumi na mbili za jua.

Tulifika Unguja tarehe 14 Januari 2025. Sisi wenye pasipoti ya Tanzania tulipita bila shida. Dada, ambaye amechukua uraia wa Ujerumani, alisimama katika foleni ya wageni, akalipia viza dola 50, akaonyesha na bima ya safari ya dola 44 iliyofanywa ya lazima kwa wageni tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Alitoka akicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nimeingia kwetu kwa risiti," alisema.

Tulipanga katika nyumba ya wageni ya mwenyeji huko Jambiani, pwani ya mashariki. Mama alifika siku mbili baadaye, karibu na adhuhuri. Alikuwa ameiona bahari mara moja tu maishani, akiwa dirishani mwa basi jijini Dar es Salaam. Tulimshika mkono hadi ufukweni, tukiwa na hamu ya kuuona uso wake. Akatazama mchanga mweupe uliokwenda mbali, mbali sana, na akauliza: "Bahari yenyewe iko wapi?"

Hatukuwa tumepiga hesabu ya mwezi. Zilikuwa siku za bamvu, mara tu baada ya mwezi mpevu, na pwani ile maji yakipwa hukimbia hata zaidi ya kilometa moja hadi karibu na mwamba mawimbi yanapovunjikia. Mgeni asiyejua hudhani ameuziwa picha ya uongo. Anayetaka kuogelea saa zote humfaa zaidi upande wa kaskazini, Nungwi na Kendwa. Lakini kwa Mama kupwa kule kulikuwa baraka. Katika maji ya magotini aliona wanawake wameinama, wakifunga na kuvuna mwani kwenye kamba zilizoshikwa na vijiti. Akavua viatu, akawaendea.

Tulimwona kwa mbali akisalimia, akiulizwa, akijibu. Aliporudi alikuwa anajua mengi kuliko kitabu chetu cha wasafiri: kwamba kilimo hicho kilianza hapo na Paje mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba wengi wa wakulima wake ni akina mama, kwamba maji ya kina kifupi yamezidi kupata joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri hufa. Alikuwa ameuliza bei ya kilo moja kavu. Alipotuambia alitikisa kichwa kama tulivyomwona akitikisa utotoni mwetu kila wakala wa kahawa alipoondoka. "Ni wakulima kama sisi," alisema. Kutoka siku hiyo hakuwahi kuwaita Waislamu wala Wazanzibari. Aliwaita "wale wakulima wenzangu."

Jioni ya siku ya pili maji yalipojaa, tulimkalisha mahali penye kina kidogo, kanga yake ikielea pembeni. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema bila kututazama: "Magoti yameacha kuuma." Tukamkumbusha kwamba miezi yote hiyo, kila tulipompigia simu, alituambia magoti hayaumi. Akajibu: "Na mimi niliwadanganya. Niliogopa mtafanya zamu nyingine."

Hapo tulielewa jinsi upendo wa mbali unavyoweza kuharibika. Yeye alituficha maumivu ili tusichoke. Nasi tulimficha uchovu wetu ili asitusogelee. Kila upande ulidhani unamhurumia mwenzake, na kati yetu ikabaki simu yenye habari njema tupu.

Jumapili tarehe 19 tulikwenda mjini kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Kwa heshima ya mji tulifunika mabega na magoti, na Mama aliwaangalia kwa huruma watalii waliokuwa wakipita vichochoroni karibu uchi, akasema labda mizigo yao ilipotea uwanja wa ndege. Baada ya Misa tulimweleza kwamba mapadre na masista wa kwanza wa nyakati hizi walifika Zanzibar mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion. Kwamba Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliipokea kazi hiyo mwaka 1863, wakavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868, na miaka ya 1890 wakaifikia Kilema. Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo Injili ilitoka visiwani ikapanda mlima," alisema, "na mimi nimeshuka mlima kuja kuuliza hali." Aliingia tena kanisani peke yake. Hatukumuuliza alisali nini.

Siku ya nne jioni alitangaza: "Nimepumzika. Nirudisheni kwa ng'ombe wangu." Tulimpandisha ndege ya Kilimanjaro Jumanne asubuhi. Sisi tukabaki juma moja zaidi, tukilala mchana bila kujificha kwa mtu yeyote, na hatukumbuki usingizi mwingine kama huo. Tangu wakati huo anapopiga simu hutuambia panapouma, nasi tunamwambia tunapokuwa hatuna fedha. Mazungumzo yamekuwa mafupi zaidi na mazito zaidi. Si kwamba mambo yote yamenyooka: paa la jirani bado linavuja, na binamu bado anasubiri ada. Lakini sasa tunasema "hatuwezi mwezi huu" kwa sauti ya kawaida, na mbingu haijaanguka.

Kwa ninyi mnaochagua sasa, tunaacha maswali machache ya kuweka mezani pamoja na vipeperushi.

Kwanza, ulizeni upepo kabla ya kuuliza bei. Majahazi ya zamani yalikuja pwani yetu na kaskazi na kuondoka na kusi, na hakuna nahodha aliyebishana na majira. Picha za vipeperushi zote ni za jua. Kalenda ya vimbunga na mvua haichapwi hapo. Kwa upande wa magharibi, visiwa vya Karibi navyo huwa vimemaliza msimu wao wa vimbunga mwishoni mwa Novemba, nanyi mnaweza kuvipima kwa namna hiyo hiyo. Mwoneni na daktari mapema, hasa kwa ajili ya malaria. Kuzaliwa Afrika hakumkingi mtu aliyekaa Ulaya miaka kumi.

Pili, tazameni mwezi na maji. Mkienda pwani inayopwa, ulizeni siku za bamvu, ili msimlaumu mwenye nyumba kwa kazi ya Mungu.

Tatu, jueni mnakwenda kwa nani. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nje, na kila mmoja wao alikalia kiti katika nyumba ya mtu. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, miaka hii inaangukia katika majira ya baridi ya Ulaya. Anayekwenda wakati huo aende akiwa tayari kula na kunywa kwa staha. Na Mkatoliki aulize mapema Misa iko wapi, ili asije akaulizwa na mama yake akakosa jibu.

Nne, na hili ndilo tulilojifunza kwa gharama: kabla ya kulipa chochote, waambieni wale mnaoogopa kuwaambia. Kama mnahitaji kwenda peke yenu, nendeni peke yenu kwa amani. Kupumzika si dhambi, na mwili uliochoka ni wa Mungu pia. Lakini semeni. Kisiwa kinachochaguliwa kwa siri humfuata mtu na siri yake hadi ufukweni, nayo hukaa kwenye kiti cha pembeni.

Januari ijayo hatutasafiri, maana akiba imekwisha. Mama ameuliza kama upande wa kaskazini wa Unguja bahari huwa nyumbani mchana kutwa. Tumemwambia ndiyo. Amesema anauliza tu.

Mungu awabariki nyote, mlio kazini na mlio mapumzikoni. Jumapili njema.